Mwanangu, usiku ule ulikuwa ukisoma nini?

Mwanangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Ujumbe wako umenifika: "Mama, Agosti 2022 tulilala tukiwa mbele, tukaamka tuko nyuma. Kura zetu zilienda wapi? Na 2027 nipange foleni tena kwa lipi?"

Uchungu wako ni wa haki. Usikubali mtu akwambie ni siasa tu, sahau. Lakini nataka ujue ulichokuwa ukikitazama usiku ule kwenye runinga, maana hayakuwa matokeo. Zilikuwa fomu, jinsi zilivyokuwa zikiwasili.

Uchaguzi ule wa Kenya ulikuwa na vituo 46,229, na kila kituo kina wapiga kura wasiozidi 700. Saa kumi na moja jioni milango hufungwa, ila aliyekwisha kuwa kwenye foleni hupiga. Kura huhesabiwa papo hapo kituoni, za urais zikitangulia. Afisa msimamizi wa kituo hujaza fomu 34A, mawakala wa vyama hutia saini na kupewa nakala, nakala nyingine hubandikwa mlangoni, kisha fomu hupigwa picha kwa kifaa cha KIEMS, mashine ya Tume ya uchaguzi (IEBC) ya kutambua wapiga kura na kutuma matokeo, na picha hiyo kutumwa. Fomu yenyewe ya karatasi husafiri hadi kituo cha kujumlishia cha eneo bunge, ambako hesabu za vituo vyote huingizwa katika fomu 34B. Hizo 34B, pamoja na 34A, zilipelekwa Bomas, kituo cha kitaifa cha kujumlishia kura kule Nairobi, kufanyiwa hesabu ya mwisho, fomu 34C.

Sasa, mwaka 2022 Tume iliziweka picha za 34A wazi kwenye mtandao, kila mtu azione. Vyombo vya habari vikaajiri vijana wa kuzisoma na kuingiza tarakimu, kila chumba na mpangilio wake. Aliyeingiza kwanza fomu za ngome ya Raila Odinga, mgombea wako wa urais, alimwona Odinga mbele; aliyeanzia ngome ya mpinzani wake William Ruto aliona kinyume chake, saa ileile, kwa fomu zilezile. Ndiyo maana ulikuwa ukibadilisha stesheni na kuona mshindi mwingine. Ukiona tena "asilimia 40 ya vituo vimeingia", usitazame nani yuko mbele. Tazama kaunti zipi zimeingia na zipi bado, na hizo zilizobaki zina wapiga kura wangapi. Uongozi wa kura laki mbili si kitu ikiwa ngome kubwa ya mwenzako haijasomwa.

Na usiku una makosa yake mengine. Mwaka 2013 kura zilizokataliwa zilionekana kupindukia 300,000 usiku wa kwanza. Baadaye Tume ikaeleza kwamba programu ilikuwa ikizizidisha mara nane. Watu walikuwa wamekwisha kupigana kwa maneno juu ya tarakimu isiyokuwepo. Mwaka 2017 tarakimu zilitiririka kwenye skrini bila fomu za kuzithibitisha, na hilo lilikuwa miongoni mwa mambo yaliyoifanya Mahakama ya Juu kuubatilisha uchaguzi wa urais tarehe 1 Septemba 2017, majaji 4 kwa 2. Kwa hiyo mtu akikwambia kulalamika ni kazi bure, mkumbushe siku ile. Ila lalamiko lililosimama pale lilisimama juu ya karatasi.

Ukitaka kujua kura za kituo chako zilienda wapi, njia ni hii. Ipige picha fomu iliyobandikwa mlangoni usiku uleule, kabla ya mvua na mikono ya watu. Simu iwe juu ya fomu sawasawa, pembe zote nne zionekane, jina na nambari ya kituo zisomeke. Kisha fungua fomu ya kituo hichohicho mtandaoni uzilinganishe mstari kwa mstari. Jumlisha kura za wagombea wote uone kama zinalingana na kura halali zilizoandikwa, na kura halali pamoja na zilizokataliwa zisizidi waliosajiliwa kituoni. Angalia saini na mhuri.

Utakuta makosa, usishtuke. Afisa aliyeamka alfajiri anajaza fomu saa tisa usiku kwa mwanga wa taa hafifu. Nne inasomeka tisa, kura za mgombea mmoja zinaandikwa kwenye mstari wa jirani yake, jumla inakosewa. Makosa ya uchovu humwagika pande zote. Ukiyaona yakimfuata mtu mmoja kituo baada ya kituo, au 34A ya mlangoni ikitofautiana na ya mtandaoni, hapo umeshika ushahidi. Na wakala kukataa kutia saini peke yake hakuifanyi fomu kuwa batili, ingawa mitaani utaambiwa hivyo.

Baada ya hapo saa inakimbia. Katiba inataka matokeo ya urais yatangazwe ndani ya siku 7 tangu uchaguzi. Anayepinga ana siku 7 kuanzia tangazo kufika Mahakama ya Juu, nayo ina siku 14 tu za kusikiliza na kuamua. Mwaka 2022 makamishna wanne walijitenga hadharani na matokeo, nami sikulaumu ulipotiwa shaka na hilo. Lakini kesi ilisikilizwa, fomu zikalinganishwa na za asili, na tarehe 5 Septemba majaji wote saba wakayathibitisha matokeo: Ruto 7,176,141, Odinga 6,942,930.

Toa hizo tarakimu mbili, mwanangu. Tofauti ni 233,211.

Mombasa peke yake ilikuwa na wapiga kura 641,913 waliosajiliwa, na hata nusu yao hawakujitokeza. Maana yake kutoka Changamwe, Jomvu, Kisauni, Nyali, Likoni na Mvita, watu zaidi ya 320,000 walibaki majumbani. Sisemi wote wangepigia upande wako. Hakuna ajuaye hilo. Nasema kura unazozitafuta Bomas, nyingi hazikuwahi kutoka mtaani kwetu. Na mambo yalizidi kuharibika: kura za ugavana wetu ziliahirishwa kwa sababu ya karatasi za kura zenye kosa, zikapigwa tarehe 29 Agosti, na wengi waliokwenda mara ya kwanza hawakurudi.

Kwa hiyo la pili nalijibu hivi: ndiyo, panga foleni tena. Uchaguzi ujao ni Jumanne ya tarehe 10 Agosti 2027. Wewe unalala Nairobi na usajili wako uko Kisauni. Ama uuhamishe mapema, kabla Tume haijafunga daftari, ama utenge nauli ya kuja nyumbani tangu sasa. Na chama chako kikitafuta mawakala, jiandikishe, uombe mafunzo ya kujaza 34A, na siku hiyo usiondoke kituoni mpaka nakala yako iwe mkononi.

Mamako,
Mombasa