Vidole Vikigoma, Badilisha Kifaa

Tangu nianze kuchora baada ya kustaafu, wazee wenzangu huniuliza swali moja: "Vidole vimekakamaa, nitaweza kweli?" Huwajibu kwamba hakuna haja ya kugombana na vidole. Badilisha kifaa.

Grandma Moses, mchoraji wa Marekani, kwanza alikuwa akidarizi. Baridi yabisi ilipomzidi, akaweka sindano chini akashika brashi, naye yuko katika miaka ya sabini. Alifariki mwaka 1961 akiwa na miaka 101, na jina lake limebaki kwa zile picha, wala si kwa vitambaa. Henri Matisse, mchoraji wa Ufaransa, naye baada ya upasuaji mkubwa wa mwaka 1941, hakuweza tena kusimama muda mrefu mbele ya turubai. Wasaidizi wakawa wanampakia karatasi rangi, yeye anazikata kwa mkasi, mara nyingine akiwa kitandani. Kwa macho yangu, kazi hizo za mkasi zinapita nyingi alizochora akiwa mzima.

Sasa tuje kwenye penseli, maana hapo ndipo wengi wanapokata tamaa. Penseli nyembamba yenye ncha ngumu inakulazimisha uibane na kuikandamiza, na muda si mrefu kidole gumba kinawaka moto. Mimi huizungushia kitambaa na kukifunga kwa mipira mpaka inajaa kiganjani. Kisha natumia zenye alama ya 4B au 6B. Hizo ni laini, ukiigusa karatasi tu weusi umeshatoka. Karatasi nayo iwe kubwa, uibandike ukutani usawa wa kifua, uchore kwa kutumia bega na mkono mzima. Mstari utayumba kidogo, na uyumbe tu. Mstari wa namna hiyo una uhai kuliko ule wa rula.

Macho pia yana mambo yake. Lenzi ya jicho huwa ya manjano kadiri umri unavyosogea, hivyo bluu iliyokoza na nyeusi zinaanza kufanana. Kaa karibu na dirisha, na usome jina la rangi kwenye tyubu kabla ya kuikamua. Hata Claude Monet, mchoraji mwingine wa Ufaransa, mtoto wa jicho alipomsumbua kabla ya upasuaji wake wa mwaka 1923, alitegemea majina ya kwenye tyubu.

Vile vitabu vya kujaza rangi tunavyoletewa zawadi, mimi sivipendi. Mwenye kuvifurahia aendelee, lakini humo mistari ameshaichora mtu mwingine.

Ukitaka darasa, uliza kwanza kama viti vina egemeo na kama unaruhusiwa kupumzika katikati ya somo. Mwalimu akichukua brashi yako ili "akusahihishie" kwenye karatasi yako, tafuta mwingine.