Spinachi: neno limetoka Uajemi

Ndugu uliyeuliza kama "spinachi" ni Kiingereza na kama ndiyo mchicha: Waingereza nao walilipokea tu. Asili yake ni Kiajemi, aspanakh, na mboga yenyewe ni ya pande hizo hizo. Waarabu wakaiita isfanakh (leo wengi husema sabanikh), wakaifikisha hadi Andalusia, huko Hispania. Kule Sevilla, karne ya 12, mtaalamu wa kilimo Ibn al-Awwam aliiita mkuu wa mboga za majani. Heshima kubwa hiyo! Wafaransa wakasema espinache, kisha neno likavuka hadi Uingereza. Wachina, walioipata mwaka 647 kupitia Nepal, waliiita mboga ya Uajemi.

Utasikia watu wakidai limetokana na spina, yaani mwiba kwa Kilatini. Kweli mbegu za aina fulani zina miiba, lakini mzizi si huo.

Mchicha ni mmea mwingine, ingawa kamusi nyingi huutafsiri hivyo. Na ile "spinachi" ya masoko ya Nairobi na Dar, yenye majani makubwa yanayong'aa na bua nene jeupe, mara nyingi ni ndugu wa bitiruti. Spinachi yenyewe ina majani madogo laini, vikonyo vyembamba, na joto likizidi hukimbilia kutoa maua. Ukinunua mbegu soma pakiti: Spinacia oleracea ndiyo hiyo, Beta vulgaris ni ile ya sokoni.