Walimu wa kiume wa sekondari ya juu: Kenya na Tanzania zalinganishwaje?

SWALI: Ndugu mhariri, salaam aleikum. Nasomea ualimu, na nimepewa kazi ya kulinganisha idadi ya walimu wa kiume wa sekondari ya juu Kenya na Tanzania. Jedwali nililopata linaonyesha Tanzania iko chini sana, ilhali watu wake ni wengi kuliko sisi. Niandike kwamba wanaume wa huko wanaukimbia ualimu?
*Msomaji, Langoni, Lamu*

JIBU: Wa aleikum salaam. Usiandike hivyo. Kabla ya kuhesabu mwalimu hata mmoja, angalia "sekondari ya juu" ya kila nchi ni madarasa yapi. Majedwali ya UNESCO hufuata ngazi za kimataifa, na sekondari ya juu ni ngazi ya 3. Kenya ya 8-4-4 (mfumo wa zamani wa miaka minane ya msingi, minne ya sekondari na minne ya chuo kikuu) iliwekwa hivi: darasa la 7 na la 8 ni sekondari ya chini, kidato cha 1 hadi cha 4 ni ya juu. Tanzania, kidato cha 1 hadi cha 4 ndiyo ya chini. Ya juu ni kidato cha 5 na cha 6 tu. Kwa hiyo umeweka madarasa manne mkabala na mawili, na hayo mawili hufikiwa na baadhi tu ya waliomaliza kidato cha 4. Pengo kubwa linaanzia hapo.

Kuna tatizo jingine, nalo ndilo huwapotosha wengi. Shule ndogo ya visiwani kwetu, mwalimu wa fizikia aweza kufundisha kidato cha 2, cha 3 na cha 4. Yote ni ngazi moja, kwa hiyo huhesabiwa mara moja, basi. Mwenzake wa Tanzania, katika shule yenye kidato cha 1 hadi cha 6, aweza kuwa na vipindi 20 chini na 10 juu. Ukihesabu vichwa, lazima aangukie ngazi moja, au aandikwe mara mbili. Ukihesabu kwa vipindi, ni theluthi moja ya mwalimu wa sekondari ya juu. Jedwali lisiloeleza limehesabu vipi, sisi tungeliacha.

Mara nyingi pia hutapewa wanaume moja kwa moja, bali jumla na asilimia ya wanawake. Tuseme jumla ni 12,000 na wanawake ni 35%: wanaume ni 12,000 × 0.65, yaani 7,800. Lakini hiyo 35 imekadiriwa hadi nambari nzima, yaweza kuwa 34.5 au 35.5, na hapo tayari kuna walimu 60 huku na 60 kule. Usijenge hoja juu ya tofauti ya walimu 40. Jumla na asilimia zitoke mwaka mmoja na jedwali moja, na uhakikishe shule za binafsi zimo kwa nchi zote mbili. Kwa Kenya, orodha ya walimu wa TSC (Tume ya Huduma za Walimu, inayoajiri walimu wa serikali) pekee haitoshi, kwani walioajiriwa na bodi za shule hawamo.

Kwa swali lako hasa, kipimo kinachofaa ni wanaume kwa kila walimu 100 wa ngazi hiyo. Ukitaka kujua kama walimu wanatosha, gawa kwa wanafunzi. Idadi ya watu wote (milioni 47.6 Kenya kwa sensa ya 2019, milioni 61.7 Tanzania kwa ile ya 2022) haikusaidii hapa, kwa sababu haisemi wangapi wako darasani.

SWALI: Je, mtaala mpya wa Kenya utabadilisha hesabu hii?
*Msomaji, Malindi*

JIBU: Ndiyo, na sana. Sekondari ya juu sasa inaanzia gredi ya 10, iliyofunguliwa Januari 2026, na ni miaka mitatu badala ya minne. Mwaka 2025 hakukuwa na kidato cha 1, na 2026 gredi ya 10 inasoma pamoja na kidato cha 3 na cha 4. Ukichora mstari wa miaka kwa Kenya, ukate baada ya 2024 na uandike chini yake madarasa yaliyohesabiwa kila mwaka.