Mwambieni fundi wa rangi asubiri: hizo nafasi mbili za karibu na zebra zitawatokea puani

Salamu baadaye. Mkuu, kama fundi wa rangi wa kuchora hizo paking ameshafika hapo mtaani kwenu Moshi, mpe chai, mpe na chapati, ila brashi asishike.

Umeuliza mambo manne: magari yapaki mshazari au sambamba na barabara, ushuru mkusanye vipi, bodaboda wakae wapi, na mkiweka matuta yawe mangapi. Nimeanza kusoma vizuri tu, nikafika kwenye ule mchoro ulioubandika, nikaishia hapo. Gari la kwanza limekaa pua kwa pua na zebra, yaani kivuko cha waenda kwa miguu. Upande wa pili hivyo hivyo. Halafu chini umeandika kwa furaha kwamba kwa mpangilio huo “tumepata nafasi mbili za ziada”. Hizo mbili ndizo zilizotufilisi sisi huku Arusha, na sikuja kupamba maneno.

Mtaa wetu uko jirani na Soko Kuu. Siutaji jina, maana wenzangu wa kamati wamo humu na mengine bado hatujamalizana. Shida yetu ilikuwa kama yenu: mteja anazunguka, hapati pa kupaki, anaondoka na hela yake. Land Cruiser za watalii zinalala pale tangu asubuhi, dereva kanyoosha miguu dirishani. Tukachangishana, wenye maduka wote, tukasema tupange mtaa wetu kistaarabu. Shemeji ya mtu akatuletea “mtaalamu”.

Huyo bwana alikuja na laptop na helmeti ya ujenzi, na helmeti hakuivua hata tulipoingia dukani kunywa soda. Akatuambia kila mita ya barabara ni pesa na ni ushamba kuiacha wazi. Nikamuuliza kuhusu ile zebra (nilimuuliza, mashahidi wapo), akanijibu kwamba gari likikaa jirani na zebra ni vizuri zaidi, kwani mteja anashuka na kuvuka hapo hapo. Tukapiga makofi. Mimi nilikuwa mweka hazina nikasaini malipo. Kwa hiyo kosa langu ni sahihi tu, ingawa mke wangu anasema sahihi ndiyo kosa lenyewe.

Mtaa ulipendeza. Watu walipiga picha. Kisha siku moja ya soko Noah imepaki kwenye nafasi ile ya mwisho, imeziba kona yote ya zebra. Mama mmoja muuza ndizi, beseni kichwani, anataka kuvuka. Haoni gari linalokuja na gari halimwoni yeye. Ili aone, inabidi achungulie mbele ya Noah, na mtu akishafika pa kuchungulia basi ameshaingia barabarani. Kirikuu ikawa imefika. Dereva hakuwa amelewa, hakuwa anakimbiza, hata simu hakuwa ameshika. Alibaki analia anasema, “Nimemwona akiwa kwenye boneti.” Na mimi nilikuwa nimesimama mlangoni pangu, mbele kidogo. Nilichokuwa naona ni Noah peke yake, kushtukia naona ndizi zinatawanyika lami nzima.

Paja limevunjika. Biashara yake imekufa miezi na miezi, watoto wanasoma. Tukachanga tena, safari hii ya hospitali. Trafiki akaja, akapima, akauliza swali ambalo hakuna kati yetu aliyekuwa na jibu lake: nani amewapa ruhusa ya kuchora barabara ya umma? Tukatazamana. Mtaalamu alishatuambia kibali ni “utaratibu wa baadaye”. Kumpigia simu, haipatikani, na haipatikani mpaka ninavyoandika hapa. Ile rangi ya kuyeyushwa kwa moto nayo haitoki kwa petroli wala kwa kuombewa. Kuikwangua kulitugharimu kuliko kuipaka, na lami ikabaki na makovu ambayo mkija Arusha nitawaonyesha bure, hiyo haina kiingilio.

Sasa nisikilize kwa makini.

Sisi tunaendesha kushoto. Mtu anayeshuka kutoka ukingo wa kushoto ndiye anayekutana na gari mapema kabisa, hana hata hatua mbili za kujitetea. Kinachomficha ni gari lililopaki upande huo huo, kabla ya zebra. Gari la mwendo wa kilomita 50 kwa saa, ambao ndio ukomo wetu kwenye maeneo ya makazi, linakula mita 14 kila sekunde. Dereva akishtuka sekunde moja, hizo 14 zimepita kabla mguu haujagusa breki. Madereva wa Uingereza wanafundishwa kwamba kwenye kilomita 48 kwa saa gari linahitaji mita 23 hadi lisimame, na kwenye 32 linahitaji 12. Hiyo ni lami kavu na breki nzima. Sasa weka tairi kipara za vifodi vyetu na mvua za Aprili, uniambie unapata ngapi. Dereva anayemwona mtu akiwa mita nne mbele yake hana cha kufanya hata awe malaika.

Kwa hiyo: MITA KUMI KABLA YA ZEBRA HAKIKAI KITU CHENYE MATAIRI. Barabara yenu ni ya kwenda na kurudi, basi mita kumi kila upande, kule gari linakotokea. Kwa magari yaliyopaki sambamba unapoteza mawili. Kwa mshazari ni kama matatu. Ndiyo, mwenye duka la kona atanuna. Mwache anune.

Usiniambie “tutaandika tu PASIPAKIWE”. Ukiacha uwazi Moshi au Arusha bila kuuziba umemwalika mtu. Saa moja asubuhi ni bajaji, saa mbili ni mkokoteni wa maji, saa nne kuna meza ya viatu vya mtumba na mwavuli. Uwazi unalindwa kwa kitu kigumu: vinguzo vya bomba la chuma vilivyojazwa zege na kupakwa rangi ya kuakisi mwanga, au ukingo usogezwe mbele ili mtu asimame pale gari lingepaki, aone na aonekane. Kati ya kinguzo na kinguzo acheni nafasi ya kiti cha magurudumu kupita. Na msipande maua marefu! Sisi baada ya yote yale tukaweka madumu ya maua, kamati ikafurahi, mvua zikanyesha, yakaota kichaka. Mtoto wa darasa la kwanza hafiki hata kifuani kwangu, kichaka kilimficha kuliko Noah. Kitu chochote mtakachoweka hapo kisipite goti.

Na hili si wazo langu peke yangu, muuza vipuri mwenye hasira. Kuna mji mdogo Marekani, Hoboken, jimbo la New Jersey, mitaa yao imebanana kama ya kwetu na paking ni vita. Walifungua kona na zebra zao kwa vinguzo na mistari, wakaongeza na hatua nyingine za kupunguza mwendo, na kuanzia 2017 wakapita zaidi ya miaka saba bila mtu kufa kwa ajali kwenye mitaa ya mji. Tena msione ni mambo ya Wazungu: Dar es Salaam kuna mradi wa SARSAI wa kurekebisha barabara zinazopita karibu na shule, matuta, njia za miguu, vinguzo, vitu vya bei ya kawaida kabisa, na mwaka 2019 ulishinda tuzo ya kimataifa ya miji.

Jaribu hili kesho saa ya soko, kabla hamjalipa mtu. Paki gari refu pale mnapotaka nafasi ya mwisho. Chuchumaa ukingoni kwenye zebra, macho yawe usawa wa mtoto. Mwambie mwenzako asimame mita 25 nyuma ya gari hilo, upande magari yanakotokea. Ukimwona kuanzia kichwa hadi viatu, karibu Arusha unitukane. Usipomwona, ushapata jibu, na halijakugharimu hata mia.

Kibali: mitaa ya ndani ya mji ni ya TARURA (wakala wa barabara za vijijini na mijini), barabara kuu ya kwenda Arusha na Himo ni ya TANROADS (wakala wa barabara kuu). Andikeni barua kupitia mtendaji wa kata, mwombe mhandisi aje aone kwa macho, mchoro wenu mpelekeeni baada ya kuusahihisha. Nyie Moshi mnasifika kwa usafi na kufuata taratibu, msituangushe kanda nzima.

Mshazari au sambamba? Sambamba. Mshazari wa kuingiza pua unamfanya dereva atoke kinyumenyume bila kuona, na kule nyuma ndiko wapitapo waenda kwa miguu. Kama wanang'ang'ania mshazari, gari liingie kwa nyuma. Tuta moja kabla ya zebra linasaidia, ila tuta halitoboi Noah mkaona ng'ambo, kwa hiyo mita kumi zibaki.

Ushuru sijui mlitaka niseme nini, kwanza hizo nafasi zipimwe upya. Bodaboda wasikae kwenye zile mita kumi, hata wakikwambia pikipiki ni fupi, maana juu ya pikipiki kuna watu wanne wamekaa wanapiga stori na mwavuli umefunguliwa.

Rangi mliyonunua ni ile ya kawaida au ya kuyeyushwa kwa moto? Kama ni ya moto na haijafunguliwa, rudisheni leo leo dukani kabla muuzaji hajabadili maneno. Na kama huyo mtaalamu wenu anavaa helmeti ndani ya nyumba, nitumie namba yake inbox, nina shughuli naye.