Jibu: usiambie mufungwa siku ya operesheni, na mama yake pia usimwambie

Dada, uliniandikia juu ya mufungwa mwenye munatunza ku hospitali yenu na mwenye atapasuliwa. Ngoja kwanza. Nilikuwa nasoma maswali yako pole pole, ya menoti (pingu) karibu na kidonda, ya kubaki na mufungwa usiku peke yako, ya kama unaweza kukataa, ya primu (pesa ya kuongeza ku mushahara), nikasema nitajibu kesho nikitoka kazi ya usiku. Kiisha nikafika pale umeandika, kama vile ni kitu kidogo tu, ya kwamba umeshamuahidi mama yake utamutumia SMS ya siku na saa ya operesheni juu alete chakula na batu ba kutoa damu. Nikaweka telefone chini. Nikaikamata tena. USITUME HIYO SMS. Kama ulishatuma, soma mpaka mwisho halafu ukimbie kwa dokta.

Miye ni infirmiye (muuguzi), miaka 14 mu sali ya upasuaji hapa Bukavu. Hospitali siitaji, benye banajua banajua. 2018 balituletea kijana moja kutoka gereza, mukono ulivunjika na kidonda kilianza kuoza. Mukono, eeh, miguu yake ilikuwa mizima kabisa, na hiyo peke yake ilipashwa kunifikirisha. Alikuja na bapolisi babili na bunduki moja. Balimufunga menoti kwa ile chuma ya pembeni ya kitanda, yenye inapanda na kushuka. Kijana mupole, "shikamoo mama, asante mama," ananiuliza kama watoto bangu bameamuka. Na sikatai, nilimuhurumia, njaa ya gereza zetu tunaijua na mingi kati yao hata hawajahukumiwa, banangojea tu.

Ku shule balitufundisha ya kwamba mugonjwa lazima ajue kila kitu chenye utamufanyia. Sawa. Na shefu wetu wa sali, mama mukubwa, miaka yote hiyo mu kazi, alinisemea kwa kinywa yake: "Mwambie programu yake yote, mutu akijua programu anatulia." Miye nani nibishane na yeye? Basi siku ya pili jioni, wakati niko nabadilisha bandeji, nikamwambia: kesho saa tatu asubuhi tunakupeleka kupiga picha ya mukono, kule chini, nyuma ya jikoni, karibu na geti ndogo. Nilimupa siku, nilimupa saa, nilimupa njia. Nilisahau tu kumupa pesa ya pikipiki.

Usiku akaomba telefone kwa ndugu ya mugonjwa wa kitanda ya pembeni, asalimie mama yake. Nani atamukatalia mutu kusalimia mama yake? Polisi mwenyewe alimushikilia telefone kwa sikio!

Asubuhi saa tatu, polisi moja ameenda kutafuta chai na mandazi juu tangu jana hakuna mutu aliwaza bapolisi nao banakulaga, mwenye alibaki akafungua menoti juu mukono moja iko na serumu (maji ya dripu) na ingine imevunjika, tutamufunga wapi, kwa pua? Tukashuka hivyo, miye mbele na fishi (karatasi ya mugonjwa), stajeri wetu, mwanafunzi wa kike wa mwaka wa pili mwenye anajifunza kazi, anabeba chupa ya serumu juu, polisi nyuma. Na nikaona pikipiki imesimama ku geti, mashini inawaka. Niliiona, dada. Nikawaza ni mutu ameleta mama mujamuzito.

Alivuta serumu na meno. Na meno! Akasukuma ule mutoto wa watu kwenye ngazi za simenti, ngazi tatu tu, lakini aliangukia mukono. Polisi akainua bunduki na mbele yake kulikuwa uwanja mzima wa bamama na masufuria ya bugali na sambaza, Mungu ni mukubwa hakupiga. Pikipiki ikashuka kwa upande wa Nyawera. Mpaka leo.

Sasa hesabu. Stajeri: kifundo cha mukono wa kuume kilivunjika, mwaka wa masomo ukapotea. Polisi: alifungwa, na nafikiri mpaka sasa ananitukana wakati anakunywa chai. Miye: siku mbili kwa OPJ (polisi wa upelelezi), telefone balikamata, miezi tatu bila primu, na swali moja balirudia mpaka nikaiota usiku, "nani alijua saa?" Miye, dokta, mutu wa radiyo (wa kupiga picha ya mukono), na mugonjwa. Na mugonjwa alijua kupitia nani? Unaona vile inafupika. Yule mama shefu balipomuita akasema, "Miye sikumwambia aseme saa." Akarekebisha kitambaa ya kichwa, akatoka. Tukikutana ku soko ya Kadutu ananiitaga "mutoto yangu" na miye najifanya nabishania bei ya sombe.

Lakini hiyo yote ningesahau. Baba wa stajeri njo alikuja kwangu ku nyumba, jioni, nilijua anakuja kupiga kelele na nilikuwa tayari. Akakaa. Akaomba maji. Akasema, "Mama, ule mukono njo anaandikiaga." Akamaliza maji akaenda.

Kwa hiyo sikiliza. Ugonjwa wake mwambie. Operesheni ni ya nini, hatari yake, atapewa dawa gani, atie sahihi mwenyewe, hiyo ni haki yake sawa na mutu yeyote, hata zile Kanuni za Mandela za Umoja wa Mataifa za 2015 zinasema mufungwa atibiwe sawa na watu wa inje. NINI na JUU YA NINI mwambie mpaka achoke. LINI, hapana. Lini ni ya dokta, ya bloku (chumba ya kupasulia) na ya mukubwa wa balinzi, basi. Haiandikwi kwa fishi yenye inaning'inia ku kitanda, haisemwi ku koridori na telefone, stajeri haambiwi mpaka munatembea. Na siku ya kurudi gereza ni vile vile, juu njiani pia kuko pikipiki.

Utaniambia, na kukaa bila kula mbele ya operesheni, si atajua? Chakula kinakatwa masaa sita mbele ya operesheni, na hayo masaa sita mutu mwenyewe iko nalala. Asubuhi unamwambia "usikule kwanza, dokta anapita", haujamupa saa. Damu? Ndugu bakuje leo, kesho, siku yoyote, batolee, damu inakaa mu frigo majuma, haingojei mutu ku mulango. Chakula? Mama alete kila siku saa ya kawaida kama bamama bengine bote, na kabla ya kufika kwa kitanda kipite kwa bapolisi. Unaona? Hakuna hata sababu moja yenye inamufanya ajue siku.

Na sisemi mama yake ni mubaya. Mama yake ataambia dada yake, dada yake ataambia kikundi cha maombi bamuombee, na mu kikundi cha maombi hakukosi mutu mwenye iko na pikipiki.

Menoti, haraka haraka: ifungwe kwa fremu yenyewe ya kitanda, siyo ile chuma ya pembeni yenye inatoka, kidole yako iweze kupita katikati, ukipima tansiyo (presha) ushike na vidole vyake kama vimevimba ao ni baridi. Kama ni mama anazaa hakuna menoti kabisa, usikubali hata komanda akikasirika. Ufunguo ukae na polisi mwenye iko ndani ya sali, siyo mwenye ameenda kununua chai. Na bapolisi bapewe chai, nalipa miye.

Sasa funga hii telefone. Enda kwa dokta mwenye atapasua, mwambie siku imeshajulikana inje, babadilishe. Na haya usione, miye nilisikia haya, ona kenye kilitokea. Mama yake umupigie, hapana kumuandikia, umwambie operesheni imesogezwa. Atauliza mpaka lini. "Mama, hata miye sijaambiwa." Na juu isikuwe uongo, dokta akitaka kukuambia siku mupya, mwambie angoje asubuhi yenyewe.