Nikitoa simu tu, watoto wanaacha kucheza

SWALI: Dada habari za kazi. Mi ni mwalimu wa chekechea hapa Morogoro, nina watoto 38 wa miaka minne na mitano. Kwenye kona ya darasa kuna vifuu, makopo, kanga kuukuu na maboksi, wanacheza kibaba na kimama, duka, daladala, na maneno wanayoongea humo hata niwaulize vipi darasani hawayasemi. Nataka kurekodi niweke kwenye mafaili yao ila nikitoa simu tu mchezo umeisha, wanapozi "ticha nipige na mimi". Halafu kuna mzazi kalalamika mwanae kuonekana kwenye grupu la WhatsApp. Nifanyeje?

JIBU: Mwalimu wangu, kwanza asante, maana wengi wakiona watoto wanapika mchanga wanawaita waje wasome wakati hapo ndo wanasoma.

Wanapozi kwa sababu simu wanaijua ni ya kupigia picha. Usiishike mkononi. Iegemeze kwenye rafu, iache siku tatu nne bila kurekodi kitu, na uwaambie wazi kwamba kuna siku utarekodi mchezo na wenyewe watausikiliza. Wataizoea kama walivyozoea saa ya ukutani. Na anza na sauti tu, video baadaye, maana utamu wa mchezo huu uko mdomoni. Msikilize mtoto anaposema "tuseme wewe ndo dokta, eti mwanangu anaumwa", hapo katoka kidogo nje ya mchezo anapanga stori na wenzie, akirudi ndani anabadilisha mpaka sauti, na muda wote huo kifuu anajua ni kifuu na hapohapo ni sufuria. Vygotsky, mwanasaikolojia wa Kisovieti aliyefariki 1934, alisema mtoto akiwa mchezoni ni kama kajizidi kimo kwa kichwa kizima, na kwenye rekodi zako utamsikia yule mkimya wa darasani anawapanga abiria siti kwa siti.

Dakika tatu nne zinatosha. Ila siku hiyohiyo kaa usikilize uandike maneno yao kama walivyoyasema, nani alikuwa nani, kitu gani kimegeuka kitu gani. Ukiacha wiki ipite utakuta kelele tupu, watoto 38 sauti zinaingiliana hukumbuki nani kasema nini. Piaget, mwanasaikolojia wa Uswisi, aliwafuatilia wanawe watatu kwa kuandika tu, mpaka binti yake wa mwaka mmoja na miezi mitatu alivyokilalia kitambaa kama mto wake huku anacheka, kwahiyo usidhani bila video kali huna kitu.

Huyo mzazi yuko sahihi, usimchukulie mkorofi. Picha ikishaingia kwenye grupu huirudishi tena. Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, kwahiyo mwanzo wa muhula omba ridhaa ya maandishi, eleza unarekodi nini, inakaa wapi na utaifuta lini. Angalia pia kama simu yako haipandishi mafaili mtandaoni yenyewe, watu wengi hilo hawalijui kabisa. Mzazi akija kumchukua mtoto msikilizishe palepale mlangoni. Na mtoto akisema "ticha zima", zima.

Kuna siku utasikia mtoto anaigiza baba anampiga mama. Mara moja peke yake haitoshi kuhukumu nyumba ya mtu, wanaigiza hata ya jirani. Lakini ikijirudia, au ukaona mtoto ana alama mwilini, usimhoji mbele ya wenzie wala usimrushie mtu rekodi, ongea na mwalimu mkuu na ustawi wa jamii, au piga 116, namba ya msaada kwa watoto, ni bure.

Halafu ile ahadi ya kuwasikilizisha itimize. Wakisikia sauti zao wataanza kubishana "we mi ndo nilikuwa konda!", mara utaona maboksi yanapangwa upya na safari inaanza tena, hapo washa urekodi.