Tulichoondoa ni mfuko wa bure

Mwenzetu ameuliza kama marufuku ya mifuko ya plastiki imesaidia lolote, ilhali mifuko mbadala tunayobebea bidhaa leo nayo ni plastiki. Nina duka la nafaka karibu na Soko la Mbuyuni hapa Moshi, na nilikuwa nikiuza kabla ya marufuku, kwa hiyo najibu kwa yale ninayoyaona dukani.

Ni kweli kwamba ile mifuko laini ambayo wengi huidhania kitambaa hutengenezwa kwa polipropilini, ambayo ni aina ya plastiki, na ikichakaa huacha nyuzinyuzi zisizooza. Hata hivyo, kilicholeta mabadiliko ni bei. Kabla ya Juni 1, 2019, mfuko wa rambo tuliutoa bure, na mteja aliyenunua kiberiti na chumvi aliweza kudai kila kimoja kitiwe kwenye mfuko wake. Mfuko mbadala unauzwa, basi mteja yuleyule sasa anatia kiberiti mfukoni mwa suruali na chumvi anaishika mkononi, na akina mama wanaoshuka kutoka Kibosho wanakuja na vikapu vyao. Mwaka 2011 Wakala wa Mazingira wa Uingereza ulichapisha hesabu kwamba mfuko wa polipropilini unapaswa kutumika angalau mara 11, na wa pamba mara 131, ndipo athari yake kwa tabianchi iwe ndogo kuliko ya mfuko mwepesi uliotumika mara moja. Hesabu hiyo ni ya tabianchi tu. Mtaro ulioziba haumo. Mara 11 si nyingi kwa mtu aliyeutolea mfuko fedha yake.

Mahali tulipokwama ni kwenye vifungashio, yaani vile vifuko vya plastiki vya kung'aa visivyo na mikono. Kanuni za 2019 ziliacha nafasi kwa vifungashio vya bidhaa za viwandani, za kilimo na za afya, lakini sokoni vikageuzwa kuwa vibebeo, na ingawa mwaka 2021 NEMC, baraza la taifa linalosimamia mazingira, ilikataza matumizi hayo, bado naviona kila siku. Sababu yake si ukaidi. Samaki aina ya perege kutoka bwawa la Nyumba ya Mungu anachuruzika maji, na nyama ikifungwa kwenye gazeti, damu hupenya kabla mteja hajafika stendi. Kikapu hakisaidii hapo, na mfuko mbadala ukishalowa damu hakuna atakayeutumia tena.

Kwa hiyo siungi mkono kumkimbiza mama mwenye bamia kwenye kifungashio, akabiliwe na faini inayoanzia shilingi 30,000, wakati hajaonyeshwa afanye nini. Maziwa tumezoea kuyafuata na dumu letu, na hakuna anayeshangaa. Buchani tatizo ni mizani: mteja akileta bakuli lake, anahofia uzito wa bakuli utahesabiwa kuwa nyama. Muuza nyama mmoja jirani yangu huliweka kwanza bakuli tupu kwenye mizani ya kidijitali mbele ya mteja, anabonyeza kitufe hadi mizani isome sifuri, ndipo anaanza kukata. Wateja wake wa kudumu sasa wanakuja na vyombo vyenye mifuniko bila kuambiwa. Wenye mizani ya mawe wanaweza kulisawazisha bakuli kwa kuweka kitu cha uzito uleule upande wa pili, ingawa wengi huona ni usumbufu na wanaendelea kuchomoa kifungashio.